Kabla Hujanunua Betri Nyingine

Nakuru,
Julai

Mpendwa Kibet,

Salamu kwako, kwa mama watoto na kwa wazee hapo Mau Narok.

Umeniandikia kwamba betri zako za sola zinakufa mapema na jenereta inatoa moshi mweusi. Tafadhali usinunue betri kwa sasa. Hizo mpya nazo zitakufa mapema, kwa sababu kinachoziua ni kutojaa. Jenereta unaiwasha saa moja jioni na kuizima saa tatu. Kwa muda huo chaja ya ampea 30 hurudisha ampea-saa 60 hivi (ampea 30 kwa saa mbili), huku taa na televisheni zikila papo hapo. Betri ya asidi ikishafika asilimia 80 hupokea chaji polepole sana. Sehemu iliyobaki hutaka saa nne au zaidi. Ikikatizwa kila siku, sahani za risasi huota ukoko wa salfeti unaogeuka mgumu usitoke tena.

Washa jenereta saa kumi na mbili asubuhi, saa mbili tu, kisha paneli za sola zimalizie mchana kutwa. Mwishoni betri hutaka ampea chache, na hata jua hili la mawingu litazitoa. Kwa mfumo wako wa volti 24, chaja huwekwa volti 28.8 betri zikiwa na joto la nyuzi 25. Kwa baridi yenu ya nyuzi 10, ipandishe hadi 29.5. Inveta nayo, ile inayogeuza umeme wa betri uwe wa taa na televisheni, isiachwe ikikata kwenye volti 21, hapo betri zimeshaisha chaji kabisa. Weka 23.5.

Ule moshi mweusi unatokana na mwinuko. Mko zaidi ya mita 2,500, hewa ni nyepesi, petroli inaizidi na haiungui yote, na injini hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000. Jenereta yako ya kVA 2.5 huko haifiki 2. Fundi akuwekee jeti kuu (kitundu kinachopitisha petroli) ndogo zaidi kwenye kabureta. (Ukiiteremsha Kisumu, rudisha ile ya kwanza, la sivyo injini itapata joto kupita kiasi.)

Sasa kwa kuwa itanguruma watoto wakiwa bado wamelala, nakusihi: isikae stoo wala barazani, hata mvua ikinyesha. Ijengee kibanda kilicho wazi pande zote, mita saba kutoka madirishani, ekzosi ikielekea shambani. Monoksidi ya kaboni haina harufu, na aliyelala haamki.

Baada ya wiki mbili, betri zikiwa zimejaa, pima seli zote 12 kwa haidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi. Iliyojaa husoma karibu 1.265. Niandikie namba zote, hasa ya seli iliyo chini ya wenzake kwa 0.03 au zaidi.

Rafiki yako,
Odhiambo