Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti wa Chama cha Wavuvi: Umeme wa Bahari Tulioahidiwa

Wazee wetu, kina mama wa mnadani, vijana wa vyomboni, assalaam alaykum.

Naanza kwa kuwakumbuka wenzetu wawili tuliowazika mwaka huu, Mwenyezi Mungu awarehemu. Hesabu za ada atazisoma mweka hazina. Mimi nina jambo moja, lile ninaloulizwa kila nikipita Sahare au Deep Sea hapa Tanga: mwenyekiti, ule umeme wa baharini umefikia wapi?

Haujafika, na lawama ya kwanza ni yangu. Mkutano wa mwaka jana nilimkaribisha mgeni wa kampuni moja, akatuonyesha picha za mitambo, nami nikasimama baada yake nikawaambia kwamba kaskazi hii haitaisha kabla mashine yetu ya barafu haijaanza kuendeshwa na bahari. Nilitamka hayo kabla ya kusoma karatasi aliyotaka tuitie saini. Tulipoisoma na katibu, usiku, kwa tochi ya simu, tulikuta inaiachia kampuni pwani yote tunayopandishia vyombo, wala haisemi mtambo utatoa umeme kiasi gani wala lini. Hatukusaini. Michango yenu ya umeme huo iko benki, haijaguswa hata shilingi.

Hamu yetu ilikuwa na sababu. Mnaikumbuka siku umeme ulipokatika alfajiri, vyombo vimerudi na vibua tele. Adhuhuri maji ya barafu yalikuwa yakichuruzika chini ya mlango wa chumba cha baridi. Mama mmoja alikuwa akibonyeza ubavu wa kibua kwa kidole, anangoja nyama irudi. Shimo la kidole likabaki pale pale. Aliuza ndoo nzima kwa nusu ya pesa aliyonunulia.

Baada ya kuikataa karatasi ile, kamati iliamua kujifunza yenyewe. Kupwa na kujaa kunatoa umeme, na hilo halina ubishi. Ufaransa, kwenye mlango wa mto Rance, tangu 1966 lipo bwawa lenye mitambo 24, jumla megawati 240. Korea Kusini walifungua lao la Sihwa mwaka 2011, megawati 254. Kila moja linapita mara tatu mtambo wetu wa Pangani Falls, wenye megawati 68.

Lakini pale Rance maji hupanda na kushuka kwa wastani wa mita 8. Sisi, siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, tunapata mita 3 na kitu, na siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, mita 1 na kidogo. Na hesabu yake ni kali: urefu huo ukipungua nusu, umeme haubaki nusu, unabaki robo. Bwawa la ukubwa ule likijengwa hapa lingetoa kama sehemu moja ya saba, tena siku za bamvua tu. Kuna na jingine ambalo mgeni wetu hakulitaja. Walipofunga mlango wa mto ule kwa miaka kama mitatu ili wajenge, viumbe vingi vya ndani vilikufa, na ilichukua karibu miaka kumi uhai kurudi. Kamba na kaa wetu wanakulia mikokoni. Mimi sitatia saini yangu kufunga ghuba hii, na mkutano ukitaka vinginevyo basi uchague mwenyekiti mwingine.

Mawimbi nayo yana mitambo yake. Pale Mutriku, Hispania, tangu 2011 wimbi linaingia ndani ya ukuta wa bandari na kuisukuma hewa kama mvukuto wa mhunzi, na hewa ndiyo inayozungusha mtambo. Sisi Pemba imetukinga, mawimbi ya bahari kuu yanaishia mashariki ya kisiwa. Hilo tuliache.

Liko la joto, ambalo mimi naliona ndilo umeme wa bahari wa nchi za joto kama yetu. Maji ya juu yenye joto huchemsha amonia, mvuke wake huzungusha mtambo, kisha maji baridi ya kilindini huugeuza tena kuwa kimiminika. Inatakiwa tofauti ya nyuzi 20 hivi. Kilindi tunacho: wenzetu wa nyavu za jarife wamekuwa wakimtoa silikanti, yule samaki wa kale wa kilindini, huko tangu 2003. Ila mtambo uliofunguliwa Hawaii mwaka 2015 ni wa kilowati 105 tu, na bomba lake linateremka mamia ya mita. Hiyo ni kazi ya serikali na vyuo vikuu, mfuko wa chama hauiwezi.

Unabaki mkondo. Uskoti wamelaza chini ya bahari mitambo minne kama feni kubwa, megawati 6 kwa pamoja. Maji ni mazito mara 800 kuliko hewa, kwa hiyo hata mwendo wa wastani una nguvu. Lakini mwendo ukipungua nusu, nguvu inabaki sehemu moja ya nane. Ndiyo maana haitoshi nahodha kuniambia "pale maji yanakimbia". Kusi hii tulitoka kuupima mkondo kwa dumu lililojazwa maji nusu, limefungwa kamba ya mita 20, kijana akishika saa ya simu. Siku ya bamvua, maji yakitoka, kamba ilimponyoka mkononi kabla hajajiweka sawa. Tuliporudi pale pale siku ya maji mafu, dumu lilikaa ubavuni mwa chombo kana kwamba limetiwa nanga. Sasa nani atanunua mashine kwa siku ile moja tu?

Kwa hiyo naomba mkutano uridhie sehemu ya michango inunue paneli za jua za chumba cha baridi, na anayetaka chake arudishiwe. Dumu na kamba tuendelee nazo mwaka mzima, kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, ili kampuni nyingine ikija tuwe na namba zetu mkononi. Daftari liko kwa katibu. Bamvua ijayo tunatoka baada ya sala ya alfajiri, na bado chombo kina nafasi ya watu wawili.