Zuhura, mkebe wa unga wa mchele situmi

Leicester, Uingereza

Dadangu mpenzi Zuhura,

Assalam aleykum. Ama baada ya salamu, ujumbe wako wa kuomba pesa za mkebe wa unga wa mchele wa mwanao Salim nimeupata, na maneno ya Bi Rehema pia yamenifikia: ati Ulaya imenigeuza, mjomba mtu mkebe wa unga wa mtoto unamshinda. Limeniuma neno hilo. Pesa nimetuma leo kwa simu ya Mama, tena zaidi ya ulizoomba. Mkebe wa unga wa mchele ndio sitaki Salim anunuliwe, na sababu si bei.

Kile cheti changu cha kemia ya chakula mlichokitundika sebuleni, kazi yake ndiyo hii. Mchele una aseniki, madini yenye sumu. Hakuna aliyeitia, imo ardhini, na mpunga hulimwa kwenye majaruba yaliyojaa maji. Udongo ukizama hukosa hewa, aseniki iliyogandamana na chuma huachia ikayeyuka majini, na mizizi ya mpunga huivuta kwa njia ileile inayovutia silika. Wimbi na mahindi humea pakavu, hayapatwi hivyo. Hukolea zaidi kwenye ganda la ndani la punje, kwa hivyo mchele wa kahawia unaosifiwa kwa afya unayo kuliko mweupe.

Salim hatatapika leo wala kesho. Hii ni sumu ya kidogo kidogo, ya miaka: saratani ya ngozi, ya kibofu, ya mapafu, na kwa mtoto inahofiwa kuathiri ukuaji wa akili. Mtoto wa miezi 8, ukipima na uzito wake, hula mchele kama mara tatu ya mtu mzima. Ndiyo maana tangu 2016 Umoja wa Ulaya hauruhusu mchele wa kutengenezea chakula cha watoto uzidishe mikrogramu 100 za aseniki isokaboni, ile aina kali, kwa kilo, na mwaka 2020 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ikaweka kiwango hichohicho kwa unga wa uji wa mchele wa watoto. Huku Uingereza mtoto wa chini ya miaka minne na nusu hapewi kinywaji cha mchele badala ya maziwa.

Na Salim wetu? Asubuhi uji wa mchele, mchana wali uliopondwa, usiku uji tena. Hapo ndipo ninapogombana nanyi. Uji wa unga ndio mbaya zaidi, maana hauna maji ya kumwaga. Kilichomo chote kinaingia tumboni. Mpikie wa wimbi, kesho wa mahindi au mtama. Njugu za kuchanganya zichague moja moja. Zilizoota ukungu huweza kuwa na sumukuvu, sumu ya ukungu huo, nayo ni balaa jingine. Pojo zilizopondwa, maini kidogo na samaki vimpe madini ya chuma. Samaki naye ana aseniki, ila karibu yote ni aina isiyo na madhara hayo, usiogope.

Wali asinyimwe, ila usiwe kila mlo, na upikwe kama wa biriani. Wallahi biriani ya Ijumaa hapo nyumbani naiota. Chemsha kwanza maji vikombe 4 kwa kikombe 1 cha mchele, yakitokota tia mchele, dakika 5, uchuje wote. Tia maji mapya masafi vikombe 2, au tui kama ni wa nazi, funika, moto mdogo mpaka ukauke. Chuo Kikuu cha Sheffield walipima njia hii 2020: mchele mweupe ulipoteza zaidi ya nusu ya aseniki yake. Kuosha tu, hata mara tatu, hutoa vumbi na wanga, aseniki nyingi hubaki. Maji ya mwisho yakiwa mabaya umeharibu kazi, kwani mchele hufyonza kilichomo.

Yale maji uliyochuja, mwaga. Najua Mama huyaweka kumnywesha mtoto akiharisha. Mwambie kwa heshima, shikamoo yake kwanza: akiharisha ni ORS (unga wa chumvi na sukari wa kukorogea majini) na zinki kutoka zahanati, na kunyonya kusikatizwe.

Pesa nunua wimbi sokoni Kongowea, kavu, usagishe kidogo kidogo, na chujio la chuma lenye matundu madogo. Zinazobaki ni za Mama. Bi Rehema nitampigia mwenyewe Ijumaa baada ya sala.

Nduguyo,
Athmani