Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Vikao vilifanyika, maonyesho ya Juni yalifanyika, kabati la kadi limetengenezwa. Hayo mnayajua.

Niende kwenye lile linalosemwa pembeni: kamati kununua stereoskopu ya mbao (kifaa cha lenzi kinacholipa kila jicho picha yake, hata picha mbili zikaonekana kitu kimoja chenye kina) na kadi zenye jozi za picha za sanamu kwa shilingi 640,000 badala ya projekta. Nimesikia kwamba tumetupa fedha kwenye "mawe ya Wazungu". Waliosema hivyo bado hawajatia macho kwenye lenzi zile.

Kwa nini sanamu? Kamera za karne ya kumi na tisa, kadi za namna hii zilipoanza, zilitaka kitu kitulie, na marumaru haipepesi macho. Tena picha moja huifanya sanamu kuwa bapa. Mbili, zilizopigwa kwa kuachana kidogo kama macho yetu yanavyoachana, hurudisha bega, mikunjo ya nguo na uwazi kati ya mkono na kiuno. Mwanasayansi Mwingereza Wheatstone alilieleza jambo hili mwaka 1838 kwa kutumia vioo. Mwanasayansi Mskoti Brewster akaja na kifaa cha lenzi mwaka 1849. Kwenye Maonyesho Makuu ya London ya 1851, kifaa cha aina hiyo kilichoundwa na Duboscq, fundi wa vifaa vya lenzi wa Paris, kilimpendeza Malkia Victoria, na baada ya hapo biashara ikashika moto.

Kuna waliolalamika kuwa kadi ya "Mtumwa wa Kigiriki", kazi ya Mmarekani Hiram Powers, ni ya uchi. Kweli, lakini mbona minyororo mikononi mwake hamwitaji? Sanamu hiyo ilikuwa kwenye maonyesho hayohayo ya 1851, na William Wells Brown pamoja na William na Ellen Craft, waliotoroka utumwa Marekani, walikwenda mbele yake kuupinga utumwa wa nchi yao. Kadi hiyo niliipendekeza mimi, na leo ningeipendekeza tena.

Sasa ada. Tuko 46, waliolipa ni 19. Machi na Septemba akidi haikutimia, na wengi wa wanaodai projekta hawamo kwenye daftari la mhazini. Mapato 1,150,000, yakiwemo 200,000 niliyotoa mfukoni, matumizi 1,080,000, salio 70,000.

Mwakani, fedha zikiruhusu, tutatafuta kadi zaidi na pengine kualika wanafunzi. Projekta nayo itafikiriwa. Mhazini ameketi mlangoni na kitabu cha stakabadhi.