Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024, Houston

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana wa chama,

Nawasalimu nyote, mlioko Houston, Katy na Sugar Land, pamoja na wale mliohamia Dallas lakini bado mnajihesabu wa hapa. Kwa niaba ya kamati tendaji ninawasilisha taarifa ya mwaka 2024 ya chama chetu cha wahandisi, wasanifu, wakandarasi na mafundi wa Afrika Mashariki na Kongo.

Naanza na yale mnayoyajua. Mikutano ya kawaida ilipangwa 10, ikafanyika 8. Wa Mei tuliuahirisha baada ya dhoruba iliyopasua vioo vya maghorofa ya katikati ya mji, na wa Julai ulifutwa na kimbunga Beryl, wakati nusu yenu mlikuwa gizani na nusu nyingine juu ya mapaa ya watu mkifunika turubai. Tulipata misiba miwili, Mungu awarehemu marehemu wetu, na mwili mmoja tukausafirisha hadi Mwanza. Kikundi cha mitihani ya leseni kiliendelea kila Jumamosi. Vijana watatu wamefaulu mtihani wa awali wa uhandisi na mmoja amepata leseni ya fundi umeme. Pikiniki ya watoto ilifana. Ziara ya San Antonio ilikwenda na watu 14, tukaiona maktaba kuu nyekundu iliyosanifiwa na Ricardo Legorreta wa Meksiko na kufunguliwa mwaka 1995.

Mapato yote yalikuwa dola 11,340: ada 5,640 na michango 5,700. Matumizi ni dola 12,905: misiba 4,100, semina ya Septemba 3,800, darasa la Kihispania 1,450, na kumbi, bima, pikiniki na mengineyo 3,555. Upungufu wa dola 1,565 ulitoka kwenye akiba, ambayo sasa imebaki 6,210. Mchanganuo upo kwa katibu, kila mwanachama hai anaruhusiwa kuuona.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi leo, yaani semina ya tarehe 28 Septemba kuhusu uongozi wa Walatino, watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, katika usanifu, uhandisi na ujenzi. Yamesemwa mengi. Wapo waliosema pilau ya sherehe yetu ya Desemba imeliwa na wageni, yaani fedha zake zimeishia kwenye semina. Wapo waliosema Walatino wana vyama vyao vyenye fedha, kwa nini sisi tuwakodie ukumbi. Na wapo waliosema mwenyekiti alijiamulia peke yake.

Nianze na hili la mwisho. Kifungu cha 14 cha katiba yetu kinairuhusu kamati tendaji kutumia hadi dola 4,000 kwa shughuli moja ya elimu bila kwenda mkutano mkuu. Semina iligharimu 3,800. Darasa la Kihispania ni shughuli nyingine, lilianza Oktoba, lina muhtasari wake. Kikao cha kamati kilikaa, akidi ilitimia, kura zikawa tano kwa mbili. Mweka hazina wetu wa zamani alikuwa mmoja wa wale wawili na baadaye akajiuzulu. Ninamshukuru kwa miaka yake ya kazi. Lakini barua ya kujiuzulu iliwekwa kwenye kundi la WhatsApp kabla ya kufika kwenye kamati, na utaratibu hauko hivyo.

Wazo lilikuwa langu, nalisema bila kuficha, na mimi ndiye niliyewafuata wasemaji ofisini kwao hadi wakakubali kuja bila malipo. Lilianza Februari kwenye saiti ninayosimamia zege, upande wa magharibi wa mji. Kijana mmoja wa kwetu, mtu wa Goma, alikuwa kwenye wiki yake ya kwanza kazini. Maelezo ya usalama ya asubuhi yalitolewa kwa Kiingereza, kisha nyapara, mtu wa Honduras, akayarudia kwa Kihispania. Kijana aliitikia kwa kichwa mara zote mbili. Tulipopanda ghorofa ya nne, mkanda wa usalama alikuwa ameuvaa sawasawa, lakini ndoano yake ameifunga kwenye mbao ya kizuizi cha muda. Yule nyapara alimwona wa kwanza. Hakupiga kelele. Alimshika bega, akamrudisha nyuma, akaitikisa ile mbao kwa mkono mmoja mpaka misumari ikaanza kutoka. Kisha akamwonyesha nanga ya chuma, akamfanya aifunge ndoano mwenyewe, aifungue, aifunge tena. Baadaye akanifuata kuniuliza kijana anazungumza lugha gani. Tangu kesho yake maelezo ya pale hutolewa kwa lugha tatu, na ya tatu ni Kiswahili.

Yule nyapara hakufanya vile kwa huruma tu. Alikuwa anajua haki. Tangu mwaka 2010 OSHA, idara ya serikali kuu ya usalama kazini, ilitamka kwamba mafunzo ya usalama yatolewe kwa lugha na kwa namna ambayo mfanyakazi anaielewa. Walionufaika kwanza ni wasema Kihispania, maana wao ndio waliojaa kwenye kazi hizi, lakini agizo halichagui lugha. Mkongomani, Mrundi au Mtanzania anaweza kulidai. Je, ni wangapi kati yetu tulikuwa tunalijua hilo kabla ya Septemba?

Tuangalie na hesabu. Takriban mfanyakazi mmoja kati ya watatu wa ujenzi Marekani ni Mlatino, ilhali katika wakazi wote wa nchi ni karibu mmoja kati ya watano. Kwenye kazi ya kufunga jipsamu ni zaidi ya nusu. Ukipanda kwenye ofisi za wasanifu na wahandisi wenye leseni, idadi yao inashuka sana. Na hatari inawaangukia wao: mwaka 2022 Walatino 1,248 walikufa wakiwa kazini nchini humu, kiwango cha vifo 4.6 kwa kila wafanyakazi 100,000, wakati wastani wa taifa ulikuwa 3.7. Mwaka huu wenyewe, usiku wa tarehe 26 Machi, meli iligonga daraja la Francis Scott Key kule Baltimore na daraja likaanguka. Waliokufa ni wafanyakazi sita waliokuwa wanaziba mashimo ya barabara usiku ule, wote wahamiaji kutoka Meksiko, Guatemala, Honduras na El Salvador. Mimi niliposoma habari ile niliwaona vijana wetu wa zamu ya usiku. Anayesema mambo ya Walatino hayatuhusu, aniambie vijana wetu wanafanya kazi na nani.

Lakini semina haikuwa matanga. Tuliwaalika ili watueleze walivyopanda. Mwaka 1974 wahandisi wachache walioajiriwa na jiji la Los Angeles walikaa wakaunda Society of Hispanic Professional Engineers, yaani chama cha wahandisi Walatino, ambacho leo ina matawi vyuoni nchi nzima. Chicago wakandarasi wao wana chama chao, HACIA, tangu 1979. Hapa Texas, wafanyakazi waliojipanga, wengi wao Walatino, ndio waliosukuma miji ya Austin mwaka 2010 na Dallas mwaka 2015 kuweka sheria ya dakika 10 za kunywa maji na kupumzika kila baada ya saa nne za kazi. Mwaka 2023 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuzuia sheria ndogo za miji za namna hiyo, katikati ya joto mnalolijua ninyi mnaomwaga lami. Wameanza kupigania upya. Sisi tumekwisha kupigania nini kwa pamoja?

Mkandarasi wa zege mwenye asili ya Monterrey alitueleza kwa kirefu kuhusu dhamana, yaani ahadi ya kampuni ya dhamana kubeba hasara mkandarasi akishindwa kumaliza kazi. Hapa Texas kandarasi ya umma inayozidi dola 100,000 inataka dhamana ya utekelezaji, na kampuni ya dhamana haikuangalii usoni, inaangalia vitabu. Alikaa miaka akiwa mkandarasi mdogo chini ya mkandarasi mdogo, huku akilipa mhasibu hata mwezi ambao yeye mwenyewe hakubaki na kitu. Kwetu wapo mafundi hodari wa vigae na rangi wenye wateja tele, na hesabu zote zipo kichwani. Nilikuwa nawatazama wakati anazungumza. Waliandika.

Dada msanifu kutoka Bogotá alieleza njia ya mwenye shahada ya nje kupata leseni ya usanifu: tathmini ya shahada, saa 3,740 za uzoefu, mtihani wa sehemu sita. Tunaye mwanachama aliyehitimu Chuo Kikuu cha Ardhi ambaye kwa miaka amekuwa akichora majiko ya watu, na michoro inapigwa muhuri wa mtu mwingine. Siku ile alibaki na yule dada hadi walinzi walipokuja kufunga ukumbi. Faili lake la tathmini limekwisha tumwa. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha kuhalalisha zile dola 3,800.

Na tusidhani milango ya juu haifunguki. Minara miwili ya Four-Leaf pale Uptown, hapa hapa Houston, ya mwaka 1982, ambayo wengine wenu mmewahi kuikarabati, ni ya César Pelli, mtoto wa Tucumán, Ajentina, aliyekuja Marekani mwaka 1952 kusoma. Alikuja kuwa mkuu wa shule ya usanifu ya Chuo Kikuu cha Yale, na minara ya Petronas ya Kuala Lumpur ni yake. Jorge Mas Canosa alifika Miami akikimbia Kuba, akawa muuza maziwa. Kampuni iliyojenga njia za simu ndiyo aliyoikuza hadi ikazaliwa MasTec, kampuni kubwa ya ujenzi wa miundombinu, mwaka 1994. Frida Escobedo wa Jiji la Meksiko alikabidhiwa mwaka 2022 kusanifu jengo jipya la sanaa ya kisasa la jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Wapo waliosoma na wapo walioanzia mtaroni, na mabinti wanaoshika kalamu leo.

Matunda ya karibu ni haya. Wanachama watano wamepata kazi za kudumu kupitia wageni wetu, wawili wamepewa kandarasi ndogo za rangi na vigae, na karatasi ya Kiswahili ya maelezo ya kujikinga na kuanguka inatumika kwenye saiti tatu. Darasa la Kihispania lilianza na watu 19, sasa wamebaki 11.

Hapo ndipo naingia kwenye mahudhurio, na hapa nazungumza kwa uchungu. Wanachama ni 94. Waliokuja kwenye semina ni 31, na wageni wa nje walikuwa 40. Nilisimama mbele ya watu walioacha familia zao Jumamosi, nyuma yao kuna safu za viti vitupu tulivyovilipia. Karibu wote walioandika ujumbe mkali kwenye WhatsApp hawakukanyaga pale ukumbini. Mkutano mkuu huu wenyewe umeahirishwa mara mbili kwa kukosa akidi ya watu 32.

Ada ni dola 120 kwa mwaka, dola 10 kwa mwezi. Waliomaliza ni 41, waliolipa nusu ni 12, na 41 hawajatoa hata senti. Deni lote ni dola 5,640, nusu kamili ya ada zote. Semina na darasa kwa pamoja ni dola 5,250. Yaani kama kila mtu angelipa, vyote viwili vingefanyika, pilau ya Desemba ingepikwa, na akiba isingeguswa. Nawaomba mnaodai sherehe mwanze na hesabu hiyo. Kamati imewapigia simu wadaiwa mmoja mmoja. Wengine wameahidi tangu Pasaka. Na ukipata msiba tunakuja wote, tunakesha nawe, hatuulizi stakabadhi, na tutaendelea hivyo.

Kwa mwaka 2025, Mungu akitujalia, tunatarajia kuendeleza uhusiano na wakandarasi wa Kilatino, kuandaa darasa la usalama kwa Kiswahili, kuwasaidia mafundi wetu kuweka vitabu vya hesabu, na tukipata nguvu kuanza mfuko mdogo wa kusaidia dhamana. Suala la ofisi yetu wenyewe bado tunaliangalia. Sherehe ya Desemba itategemea hali ya fedha.

Mwisho wa kulipa ada ni tarehe 31 Machi. Nafasi ya mweka hazina iko wazi, na fomu za wagombea zipo kwa katibu hapo mezani.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti