Fagio si la wasichana peke yao

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na walimu wa madarasa ya awali na wazazi wenzangu wa hapa Dodoma.

Kijana wangu ana miaka mitano. Tangu ajue kutembea alikuwa akimfuata mama yake uani na kifagio chake cha chelewa, anatimua vumbi (na vumbi la Nkuhungu mnalijua) kisha anajisifu amemaliza kazi. Mwaka huu kaanza awali. Haikupita wiki ya tatu, mama yake akamwita wafagie, akakunja mikono: "Hiyo kazi ya wasichana." Kumbe shuleni kwao wasichana huja na fagio, wavulana huja na kidumu cha maji. Hakuna aliyewahubiria lolote. Waligawiwa vifaa tu, somo likaingia.

Likizo tukaenda kwa bibi yake, Chamwino, kwenye sherehe. Akina mama wakashika muheme. Kwetu Wagogo ngoma hiyo ni ya wanawake, huibana mapajani wakaipiga hadi vumbi linyanyuke. Mtoto akaduwaa: "Bibi, ngoma si za wanaume?" Bibi hakujisumbua kumjibu, akamvuta karibu na kuendelea kupiga. Najua, hata huo ni mgawanyo. Ila unaonyesha kwamba kila mahali watu wamejipangia vyao. Nenda mnada wa Msalato uone wanaochoma nyama ni akina nani. Wanaume, na hakuna anayewacheka, maana jiko la pale linalipa.

Nitajibiwa kwamba mambo yalishabadilika: Rais ni mama tangu 2021, na bungeni hapa hapa Anne Makinda alikalia kiti cha Spika tangu 2010. Sawa. Lakini mtoto wa awali hamjui Spika. Anamjua mwalimu aliyemwambia nani alete fagio.

Ombi langu ni dogo. Zamu za usafi zipangwe kwa safu za madawati, kila mtoto afagie siku yake na alete maji siku yake. Hilo halihitaji waraka wala bajeti.

Nami sijitoi. Mwanangu hakuwahi kuniona nimeshika fagio hata siku moja. Siku hizi nafagia uani alfajiri kabla ya kwenda kazini, na majirani wameshaanza kuuliza mke wangu kasafiri lini.

Mzazi,
Nkuhungu, Dodoma