Mpwa wangu, aya moja ibebe hoja moja

Mpwa wangu mpendwa,

Mtihani wa kidato cha nne umekaribia, na insha bado inakunyima raha. Nakuandikia hadharani kwa sababu wenzako wengi hapa Dar wana shida hiyohiyo. Kiswahili unakijua. Kinachokupunguzia alama ni mpangilio, hasa wa aya.

Kabla ya yote, soma swali mara mbili na upigie mstari kitenzi chake. "Eleza athari" linataka athari tu. "Jadili" linataka pande zote mbili, kisha msimamo wako. Ukitaja faida peke yake, umejibu nusu ya swali. Ukiwa na dakika 40, tumia 5 kuorodhesha hoja, kufuta zinazojirudia na kubakiza tatu. Angalia sana hapo kwenye kujirudia: "foleni barabarani" na "msongamano wa magari" ni hoja moja iliyovaa nguo mbili.

Insha ya maneno 300 igawe hivi: utangulizi 40, aya tatu za kiini 70 kila moja, hitimisho 50. Utangulizi ufafanue mada na kuonyesha unakoelekea, basi. Ukianza kumwaga hoja humo, kiini kitabaki kurudia yaliyokwisha kusemwa.

Sasa aya yenyewe. Tuseme mada ni athari za mafuriko Dar es Salaam. Wengi huandika hivi:

"Mafuriko ni mabaya sana. Nyumba zinabomoka, magonjwa yanatokea, barabara zinafungwa na watu wanateseka."

Hapo kuna hoja tatu, na hakuna hata moja iliyoelezwa. Msahihishaji anaona orodha. Chagua barabara peke yake, uiendeleze:

"Mafuriko hukatiza usafiri wa kuingia katikati ya jiji. Mto Msimbazi unapofurika, maji hufunika Barabara ya Morogoro pale Jangwani, nayo hufungwa. Abiria wa mabasi ya mwendokasi kutoka Kimara hushushwa Magomeni, wakaanza kutafuta njia ya kuzunguka. Mwenye duka Kariakoo hufungua kwa kuchelewa na kupoteza wateja wa asubuhi. Hivyo, mvua ya usiku mmoja hupunguza kipato cha watu ambao nyumba zao hazikuguswa na maji."

Sentensi ya kwanza imetaja hoja. Ya pili imeeleza inavyotokea, ya tatu na ya nne zimetoa mfano wenye mahali na mtu, ya mwisho imeirudisha hoja kwenye mada. Magonjwa hayamo kabisa, yanasubiri aya yao. Sehemu inayoachwa mara nyingi ni hiyo ya "inavyotokea": mtu anataja hoja, anarukia mfano, na msomaji anabaki hajui kimoja kimeletaje kingine. Ukikwama, jiulize "kwa vipi?" na jibu lako liwe sentensi ya pili.

Hoja yenye nguvu zaidi itangulie, maana muda ukikuishia iwe tayari kwenye karatasi. Viunganishi navyo vina kazi zao: "vilevile" huongeza, "hata hivyo" hupinga, "hivyo" huonyesha matokeo. Ukiandika "hata hivyo" halafu ukaleta hoja inayokubaliana na iliyotangulia, unampoteza msomaji.

Katika hitimisho usilete hoja mpya. Toa msimamo au pendekezo linalotokana na uliyoeleza: kama ulizungumzia barabara ya Jangwani, pendekeza jambo kuhusu barabara au mto, si kuhusu elimu kwa jumla.

Dakika 5 za mwisho, soma sentensi ya kwanza ya kila aya tu, moja baada ya nyingine. Zikijibu swali zenyewe bila msaada wa zilizobaki, kabidhi karatasi. Kama mbili zinasema kitu kimoja, rekebisha ya pili kabla kengele haijalia.

Shangazi yako