Barasa, Lile Tangi Lisionje Petroli

Kisumu, Jumanne usiku

Ndugu yangu Barasa,

Hujambo, wa kwako hawajambo, mvua imeanza huko Lanet? Sisi wazima. Najua nimenyamaza tangu harusi ya Adhiambo, utanitukana tukionana. Sasa sikia: kama lile tangi la faiba nililokutengenezea la ndege yako bado halijaonja petroli, lisionje. Kama umeshatia, limwage leo hii, na usiwashe injini hata kwa kujaribu tu.

Ulipolichukua nilibaki na kipande cha upana wa vidole viwili, kile nilichokata kwenye mdomo wa kujazia. Nilikitumbukiza kwenye chupa ya jemu yenye petroli, nikaisukuma nyuma ya makopo ya rangi, nikaisahau. Juzi natafuta msasa nikaiona. Nikakitoa, nikakipangusa, nikakikwaruza, ukucha ukaingia. Barasa, ukucha! Kilikuwa gramu 40, mizani sasa inasema 43. Kimekunywa.

Kosa ni langu. Nilitumia rezini (gundi ya faiba) ile ile ya mashua, aina ya poliesta, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye debe. Maji ya ziwa haiyajali, mashua zangu za pale Dunga ni mashahidi. Lakini petroli ina tolueni na jamaa zake, vimiminika vinavyolainisha gundi hiyo, na ikichanganywa na ethanoli, yaani spiriti, ndiyo balaa zaidi. Nyuzi za glasi zenyewe hazina shida, kinacholegea ni gundi inayozishika.

Najua utasema Marekani wanaruka na matangi ya faiba. Ulinionyesha picha za VariEze, ile ndege ndogo ya faiba aliyoibuni Burt Rutan, mpaka chai ikapoa. Ile iliruka mara ya kwanza 1975, ilijengwa kwa epoksi, rezini ya aina nyingine, ikanywa petroli ya ndege, ambayo haina ethanoli. Wewe unataka kujaza ya pampu ya barabarani! Na hata epoksi si zote zinazostahimili ethanoli. Usisahau hapa jirani Muhoroni molasi inageuzwa spiriti, na miaka ya 80 spiriti hiyo ilikuwa inatiwa kwenye petroli ya magari. Kwa hiyo usikisie, pima. Tia maji kidogo kwenye chupa nyembamba ya glasi, piga alama, ongeza petroli, tikisa, iache itulie. Ukiona maji yamepanda kupita alama, ni ethanoli imeihama petroli ikayafuata. Na ndani ya tangi ni hivyo hivyo: inavuta unyevu, baridi ya huko juu ikizidi inaachana na petroli na kutua chini, pale pale injini inaponyonyea.

Juma atakwambia tupake dawa ya kuziba kwa ndani. Mkatalie. Siku ikianza kubanduka, magamba yanaenda kwenye chujio, na likiziba uko juu ya kreta ya Menengai utaegesha wapi, ndani ya shimo?

Nitalitengeneza upya kwa vinilesta, rezini inayostahimili petroli zaidi, gharama yangu, usibishe. Ila safari hii kipande cha majaribio kitakaa kwenye petroli yako mwezi mzima kabla sijagusa tangi lenyewe, kisha nikipime na kukikwaruza tena. Ukichoka kungoja, mpelekee yule fundi wa alumini, sitanuna. Nitanuna kidogo.

Sasa nijibu upesi. Ulishatia petroli, lita ngapi, na imekaa siku ngapi? Umesikia harufu yoyote ukiwa umekaa kwenye kiti? Chini ya tangi pananata ukipapasa? Injini ni ile Rotax, au bado unabishana na ya Volkswagen? Na baba mkwe ameshajua ni ndege, au bado anadhani unajenga kinu cha posho?

Kile kipande nimekifunga kwenye gazeti, dereva wa nissan ya asubuhi atakuachia kwa Mama Wanjiru. Kikwaruze mwenyewe.

Wako,
Omondi